Ampea Kumi Zinanitosha

Ufukoni, Mtwara
Jumapili, baada ya swala ya alasiri

Mwanangu Somoe,

Salamu za kuulizana hali tuziache, hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi umenuna, ukapanda bodaboda kwenda Mikindani kumuaga bibi yako, na chai yangu hukuimaliza. Nimeifunika kwa sahani ingawa najua ukirudi utaimwaga. Nimekaa barazani na kalamu kwa sababu nina maneno na wewe, na sitaki kuyasema kwa mdomo. Nikiyasema kwa mdomo utanijibu, ukinijibu kwa hasira utageuza uso, na ukigeuza uso mimi nimeshakukosa. Kwenye karatasi nasema mpaka namaliza, na wewe huna pa kuchomekea neno.

Mambo ya kula vizuri, kuswali, kuchagua marafiki na kutolala na dirisha wazi siyaandiki. Una miaka ishirini na nne, na kama hujayajua mpaka leo basi karatasi haitakusaidia. Bibi yako atakumwagia yote hayo huko Mikindani, na atakufungia ming'oko, ile mizizi ya kuchemsha, ya kula njiani juu yake. Mimi nina jambo moja tu.

Jana jioni, nikiwa nimeinama napepeta mchele, ulimwambia shangazi yako Zuhura kwamba Jumatatu hupandi basi. Ulisimama nyuma yangu ukijua kwamba sisikii. Hukukosea, sikusikia. Lakini shangazi yako alikuwa mbele yangu, na mdomo wake Mungu kaujaalia upana, ukarudia kila kitu nikakiona: "Huendi? Huendi Mwanza? Kwa ajili ya mama yako?" Nikaendelea kupepeta kama sijaona kitu. Mchele wenyewe ulikuwa umeshakuwa safi zamani.

Kwa hiyo barua hii ni ya kukupandisha basi. Nakuambia mapema ili usije ukasema nimekuzunguka.

Na kwa kuwa nimeamua kusema kweli, nianze na ile inayonidhuru mwenyewe. Nataka ubaki. Tangu barua ya kazi ilipokuja nimekuwa nikitembea humu ndani nikihesabu vitu vyako vinavyopungua: viatu mlangoni, kitana kwenye kioo, ile sabuni yako ya harufu ya limao. Nyumba hii ina vyumba vitatu na kuanzia kesho nitakuwa nalala katika kimoja na kufagia vitatu. Usiku nikizima taa, mwenzangu atakuwa giza peke yake, maana wenye masikio hata wakiwa peke yao wanasikia jogoo wa jirani, wanasikia bahari, wanasikia paka wanagombana. Mimi nikizima taa dunia yote inaondoka. Naiogopa saa hiyo. Nimekwambia ili usije ukaidhania kuwa siijui.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Baba yako alipofariki wewe ulikuwa darasa la tatu. Alituachia amplifaya moja, spika mbili kubwa, jenereta ya kuvuta kwa kamba na mita ya kupimia umeme. Watu walinishauri niviuze. Nikasema siuzi, nitapiga mwenyewe. Wakacheka, mwanamke gani anapiga muziki? Lakini mimi niliona kitu ambacho wao hawakukiona. Kwenye unyago, ndani ya uzio, mwanamume haingii. Miaka yote wanawake walikuwa wanachezea muziki unaopigwa na mwanamume aliyekaa nje ya makuti, anabahatisha tu, wao wanataka taratibu yeye anaweka haraka, mpaka mtu akimbie nje akamgombeze. Nikaingia mimi na mashine yangu mpaka ndani. Msimu wa kwanza nilipiga Ufukoni, wa pili wakaniita Likombe, wa tatu nikafika Msimbati kule Mnazi Bay, mashine imefungwa kwa kanga nyuma ya pikipiki. Jina la Mama Muziki sikujipa mwenyewe.

Ila nilijua kupiga, sikujua umeme. Kuunganisha niliunganisha kama nilivyomwona baba yako: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kwa nini iwe hivyo sikuwahi kujiuliza. Kitu kikifanya kazi nani anakihoji?

Siku ya kukutoa wewe na wenzako unaikumbuka kuliko mimi, lakini unaikumbuka ukiwa chini ya kanga, na mimi nilikuwa nimesimama. Ngoja nikupe upande wangu. Nilikuchelewesha kuingia unyagoni kwa sababu ya shule, ukaingia likizo ya kidato cha pili, mkubwa kuliko wenzako wote. Nilitaka siku ile watu waizungumze mpaka Msumbiji. Shangazi zako na mama zako wadogo nao walitaka hivyo hivyo, na unajua desturi ya hapa kwetu ilivyogeuka: zamani shangazi alikuja na kanga na upawa, siku hizi anakuja na spika. Shangazi ambaye spika yake haisikiki ni kama hakuja. Zuhura kaja na ya kwake juu ya bajaji, imevikwa maua ya karatasi. Mama yako mdogo wa Likombe kaja na ya kwake. Zote za omu nane nane, kama za baba yako.

"Wifi, unganisha na yangu," Zuhura akasema. "Ntoto anatoka leo, unataka wasikie watu wa mtaa huu tu?"

Nikaunganisha zote nne. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nilikuwa na hoja yangu kichwani, na ilionekana nzuri: spika nne zitasaidiana kazi. Wanawake wanne wakibeba pipa la maji, kila mmoja anapata uzito mdogo. Nilidhani nimeipumzisha mashine.

Wewe ulikuwa umekaa mkekani mstari wa mbele, kanga kichwani, macho chini. Mwali hasemi, mwali hainui macho. Nikaona kanga yako inasogea. Ukainua uso mbele ya kadamnasi nzima, ukanitazama mimi moja kwa moja, na kwenye paja lako ukatoa vidole viwili. Ukavitikisa. Damu ikanipanda. Nilidhani mwanangu kanivunjia heshima mbele ya wakwe na majirani, na bado kidogo mtu aseme kwamba mtoto wa shule hafundiki. Nikakutolea macho. Nikamwambia kungwi wako kwa sauti, "Mfunike huyo!" Akakufunika, akakukandamiza kichwa kwa kiganja.

Nyimbo mbili tu. Ya tatu ilipofika katikati, harufu ikaanza, kisha moshi, kisha kimya. Fundi Saidi alikuwa nje ya uzio, anapiga kelele niguse nini na nizime nini, na kuingia hawezi, mila ni mila. Na mimi nimeshika waya mkononi kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka. Akina mama wakachukua ngoma za mikono wakaendelea, na shughuli ikaisha vizuri kuliko ilivyoanza. Ila Zuhura akasema, na wengine wakaitikia, kwamba mkosi umeletwa na mwali aliyefumbua macho. Nikanyamaza. Sikusema ndiyo wala sikusema hapana, na wewe uliyekuwa chini ya kanga ulinisikia nilivyonyamaza.

Hilo tumeshalimaliza, najua. Ulinisamehe siku nyingi, tena kwa kunitania, ukiniita "mfunike huyo" kila nikikukataza kitu. Silirudii ili unisamehe tena. Nalirudia kwa sababu ya kilichofuata, kwani hapo ndipo ulipoanza kunifundisha, na mimi sijawahi kukushukuru kwa heshima.

Ulichukua mita ya baba yako na kipande cha mkaa, tukakaa uani. Ukaniambia, "Mama, spika hazisaidiani. Spika ni wageni." Nikauliza, wageni vipi? Ukasema mpishi akipata mgeni mmoja anapakua sahani moja. Wakija wanne hawagawani ile sahani, kila mmoja anataka yake iliyojaa, na anayechoka ni mpishi. Nikakuelewa papo hapo. Nimepika kwenye misiba mingi mimi.

Kisha ukaandika sakafuni. Mashine inasukuma volti arobaini. Spika moja inavuta ampea tano. Volti ukizigawa kwa ampea unapata ukinzani, yaani ugumu ambao umeme unakutana nao njiani: arobaini gawanya kwa tano, omu nane. Na volti ukizizidisha kwa ampea unapata nguvu: arobaini mara tano, wati mia mbili. Ukaniuliza, zikiwa mbili? Nikasema kila moja tano, basi kumi. Ukasema vizuri, sasa gawanya. Arobaini kwa kumi, nne. Zidisha. Mia nne. Zikiwa nne? Ampea ishirini, nikasema. Arobaini kwa ishirini ni mbili, na wati mia nane. Ukanigeuzia ile mashine iliyoungua, ukanionesha maandishi ya nyuma ambayo nilikuwa nayafuta vumbi kila Ijumaa bila kuyasoma: isiunganishwe chini ya omu nne.

"Nilikuwa nakuonesha mbili, mama," ukasema. "Ziache mbili."

Sikuamini kwamba kuongeza spika kunapunguza ugumu. Nilibishana nawe mpaka adhana ya magharibi. Mimi nilisoma mpaka la saba, na kugawanya nilikujulia kwenye maandazi. Lakini ile sakafu sikuifuta wiki nzima, nikawa napita na ndoo naisoma. Siku moja ikaniingia nikiwa nakamua nazi: milango ikiongezeka watu wanatoka kwa urahisi. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ilinichukua misimu miwili ya korosho kupata mashine nyingine. Na hiyo mashine ya pili ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mwanzo ilinipendeza. Baadaye nikaanza kuinung'unikia. Haina nguvu, nikasema, nguvu zake zinaisha. Nikampelekea Fundi Saidi akaifungua, akasema nzima. Nikaipeleka tena, akasema nzima. Mara ya tatu nikamwambia amezeeka. Huku kwenye shughuli akina mama wananifanyia ishara nipunguze, na mimi nawaona kama watu wasiojua raha. Na dalili zilikuwepo, Somoe, ila mtu hazioni dalili zake. Unakumbuka yule muadhini wa msikiti wetu? Niliona alfajiri zinapita bila adhana, nikajua mzee wa watu anaumwa. Nikampikia uji wa mchele wenye pilipili manga, nikampelekea mwenyewe asubuhi, nikakuta anafagia mbele ya msikiti, mzima kama chuma. Akaupokea uji. Akasema "Allah akulipe," na akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Ndipo ukarudi kutoka chuoni, na cheti chako cha ufundi umeme kimebandikwa ukutani kwa gundi ya unga. Nikakuambia, sasa wewe ni msomi, nitazamie mashine hii. Ukaitoa uani mchana kweupe, spika mbili, ukaweka mlio mmoja wa kuvuma usiopanda wala kushuka, ukasema muziki unarukaruka, mita haiushiki. Ukapandisha. Nikakuambia pandisha zaidi. Ukapandisha. Mimi nikasimama mbele ya spika nimekunja mikono, nasikia kitu kama nyuki mmoja kwenye chupa, nasema unaona? Haina nguvu.

Ukapima volti, arobaini. Ukaibana mita kwenye waya, ampea kumi. Ukachukua mkaa, nadhani ili upate kitu cha kutazama, ukagawanya sakafuni: nne. Ukazidisha: mia nne. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Na hapo Zuhura akatokea mlangoni kwetu mbio, kutoka nyumba ya tatu, viganja vyote viwili vimeziba masikio, mdomo wazi anapiga kelele, na nyuma yake watoto wa jirani nao wameziba.

Nikamtazama Zuhura. Nikakutazama wewe. Ukaizima mashine na kwangu mimi hakikubadilika kitu kikubwa.

Mwanangu, nimezika mume, na sikuumia kama siku ile. Nisikudanganye kwa maneno mazuri. Hesabu ile ilikuwa sahihi kila mahali, na kama mashine ni nzima, spika ni nzima na waya ni nzima, basi kibovu ni kimoja tu kilichobaki pale uani. Miaka yote nimesimama kati ya spika mbili nikijiona malkia. Daktari tuliyekwenda kumwona alisema mengi, ila wewe ulikuwa umeshaniambia kwa mkaa.

Tangu hapo umekuwa masikio yangu, na hapo ndipo kosa letu lilipo. Nasema letu, kwa kuwa mimi nilikubali na nikaona raha. Ukasimama kuliani kwangu kwenye kila shughuli, unanigusa mkono mara moja nipandishe, mara mbili nishushe. Kazi ya kwanza ilikuja, ya Lindi, ukasema mshahara mdogo. Ya pili ukasema mkataba mfupi. Nikajifanya nakuamini. Usiku nilikuwa namshukuru Mungu kwa mikataba mifupi. Mama gani anashukuru mwanawe akikosa? Mimi. Nilishukuru, tena kwa moyo wote.

Sasa kuna jambo hujui. Jumamosi ya wiki iliyopita, ulipokuwa umekwenda kukata tiketi na kushona begi, ulidhani shughuli ya Likombe imeahirishwa. Nilikudanganya. Nilikwenda peke yangu.

Nilipiga hesabu zangu mwenyewe kabla, nikasema: spika zangu ni mbili, siongezi hata shangazi akilia. Zikiwa mbili ukinzani ni ule ule wa omu nne, haubadiliki. Basi sihitaji kupima kila kitu. Nikijua ampea, nimejua yote yaliyobaki: kumi mara nne ni volti arobaini, arobaini mara kumi ni wati mia nne, na wati mia nne ndizo zinazojaza kanisa, msikiti na uwanja wa harusi bila kumtoa mtu damu masikioni. Nikaibana mita kwenye waya nikaiweka juu ya meza mbele yangu, na kazi yangu ikawa kuitazama. Namba inacheza na ngoma, inapanda saba, nane, inarudi. Ikigusa kumi nashusha. Sikuhitaji sikio, nilihitaji miwani.

Walicheza, Somoe. Niliwaona. Hakuna aliyenifanyia ishara nipunguze, na bibi mmoja alikuja kunivuta mkono tucheze wote. Mama mwenye shughuli alikuja na spika ya tatu kichwani, anaing'ang'ania, nikamwambia hapana. Akanuna. Nikamwambia, dada, ukinuna mashine haiungui, nikiunganisha itaungua. Wenziwe wakamcheka, nami nikacheka nao, nadhani kwa wakati unaofaa.

Sitasema ilikuwa tamu kama ulipokuwa kuliani kwangu. Katikati ya nyimbo nilinyoosha mkono upande ule bila kufikiri, nikagusa kiti. Nikaurudisha mkono mezani. Hivyo ndivyo itakavyokuwa, na nitazoea, au sitazoea na kazi itaendelea vilevile. Ila iliwezekana. Ulichonifundisha sakafuni ndicho kilichokufungua wewe, na itakuwa ujinga mkubwa ukibaki hapa kunishikia mkono ambao umeshaufundisha kazi.

Najua utasema: na simu? Simu ni kweli, sisikii, ni mbu tu. Usinipigie, nitajibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu na utaolewa bila mimi kujua. Niandikie. Niandikie ujumbe mrefu, si ile mikato yenu ya herufi tatu. Niambie umefunga nini leo, ulipima ngapi, ikatoka ngapi. Niandikie hesabu nami nitaikagua. Usicheke, mwezi uliopita nilikukuta umekosea kuzidisha, ukasingizia kalamu.

Na huko kazini utawakuta watu wa umri wangu walioshika waya kwa miaka mingi kwa sababu waliona wengine wakishika hivyo. Watakuwa na heshima zao, na wewe utakuwa mdogo, na mwanamke, na mgeni. Siku utakayoona vinaunganishwa vinne pahala pa viwili, na ukajua, usitoe vidole chini ya kanga. Simama useme. Wakasirike. Mimi nilikasirika pia, na mpaka leo natamani ungepiga ukelele siku ile, ukaniaibisha, tukabaki na mashine ya baba yako. Lakini pia ukiona umepima kila kitu na kila kitu ni kizima na bado mambo hayaendi, usimwite fundi mara ya tatu kama mimi.

Kuna watu wangeandika hapa kwamba mama ni waya na mtoto ni mkondo, na waya ukirefuka nguvu inapotea njiani. Mimi si waya. Mimi ni mwanamke wa Ufukoni mwenye masikio mabovu na njaa, maana mchele wa jana bado sijaupika, namngoja mtu aliyenuna arudi tule wote. Mwanza ni mbali, basi. Mbali ni mbali. Nitalia, nitapika chakula cha mtu mmoja na kitabaki, nitamwita paka kwa jina lako. Na asubuhi nitaamka.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa mbele wa begi lako, juu ya tiketi, ili ukitafuta tiketi uikute kwanza. Uisome kabla hujatoa uamuzi wako wa kishujaa.

Kesho alfajiri nitakusindikiza mpaka standi, mimi na Zuhura. Utapanda, utakaa dirishani, na kioo cha mabasi yale hakifunguki. Injini itanguruma. Umewahi kuwatazama watu wanaoaga pale? Wanapaza sauti kwenye kioo, wanaweka kiganja sikioni, wanauliza, "Eee? Unasemaje?" na aliye ndani anasema na aliye nje hasikii, mpaka basi linageuza. Wazazi wote waliosimama pale hawatawasikia watoto wao. Mimi nitakuwa nimesimama kati yao, na ni mimi peke yangu niliyezoea. Geuza uso unitazame, usiharakishe, usipaze sauti, sogeza midomo tu. Nitakuelewa neno kwa neno. Sema lolote unalotaka, mwanangu, ila usiseme kwamba unashuka.

Mama yako